Kwa nini mgomba wa karibu na jiko hunenepa?

Ukitembelea vijiji vya Ngara, nyumba nyingi huzioni mpaka uzikaribie, zimefunikwa na migomba. Chini ya migomba kuna kahawa, chini ya kahawa kuna maharage, pembeni magimbi. Mgeni anaweza kudhani vimejiotea tu. Hapana, hiyo ni bustani yenye ramani yake.

Katikati ni nyumba, jiko na zizi. Migomba ya hapo ndiyo inayopata maganda, majivu na samadi, maana nani atabeba ndoo ya samadi kwenda mbali kila siku? Nje yake ni mihogo na mahindi, halafu nyasi za malisho. Wahaya, majirani wa kaskazini, wana majina kabisa: kibanja ni shamba la nyumbani, rweya ni eneo la nyasi.

Sasa angalia ng'ombe. Mchana anakula malishoni, usiku analala zizini. Tumboni amebeba naitrojeni, fosforasi na potasiamu. Nyasi za kutandaza nazo hivyo hivyo. Yaani ule udongo mweusi wa nyumbani umejengwa kwa rutuba iliyohamishwa kutoka kilimani, miaka na miaka.

Hata Beijing walihamisha udongo. Mji wa kifalme uliokamilika mwaka 1420 ulichimbiwa handaki la maji kuuzunguka, na udongo wake ukarundikwa kaskazini ukawa kilima cha Jingshan, bustani ya wafalme. Wao walijenga kilima, sisi tunajenga shamba, ila kanuni ni moja: panapoongezeka, pengine panapungua.

Na shida iko hapo. Ndizi ikiliwa nyumbani, maganda yanarudi shambani. Ikipanda lori kwenda Mwanza, hairudi. Kilo 100 za ndizi zilizomenywa zina karibu gramu 360 za potasiamu. Wakati huohuo kaya nyingi hazina ng'ombe. Potasiamu ikipungua, majani ya zamani huwa ya njano kuanzia kwenye ncha, na mikungu inakuwa midogo.

Ukienda likizo, fanya jaribio. Pima kwa kamba unene wa mgomba wa karibu na jiko na ule wa mwisho wa shamba, wa aina moja na umri mmoja. Ukikuta tofauti kubwa, usikimbilie kulaumu mbegu. Anza kwa kupeleka majivu na maganda kule mwisho.