Mtungi wa Maji Katika Mtaa Mgeni

Mtu anayehama nyumba hukumbuka kitanda, hukumbuka jiko, hukumbuka hata kamba ya kuanikia nguo. Maji ya kunywa hayakumbuki mpaka ashikwe na kiu. Ndivyo yaliyonipata mimi nilipohamia Kitengela, kusini mwa Nairobi. Jioni ya kwanza watoto walionja chai wakasukuma vikombe kando. Nikamgeukia mama watoto nikidhani kwamba, kwa uchovu wa siku ile, ametia chumvi mahali pa sukari. Kumbe chumvi ilikuwa kwenye mfereji! Nyumba ile, kama nyingi za huko, hupata maji ya kisima kirefu kilichochimbwa kwa mtambo, na maji hayo hupanda na madini ya ardhini.

Jirani yetu, mama mtu mzima aliyekaa hapo miaka mingi, alicheka. "Hayo ni ya kufulia, baba," akaniambia. "Ya kunywa tunajaza dukani."

Basi nikazunguka. Katika mwendo wa robo saa nilikuta maduka matatu ya maji yaliyosafishwa, kila moja na bomba lake ukutani na mitungi ya buluu mlangoni. La kwanza lilitaka shilingi 200 kujaza mtungi wa lita 20, la pili 140, la tatu 100. Msikilizaji, unajua nilikwenda wapi. Siku ya tatu mtoto wangu mdogo, ambaye bado hajajifunza kuficha mambo, akauliza kwa nini tunanunua maji tuliyo nayo nyumbani. Nikaonja ya mtungi, nikaonja ya mfereji. Ladha ilikuwa moja.

Hapo ndipo nilipotaka kujua ni kitu gani hasa kinachouzwa. Neno "yaliyosafishwa" lina maana mbili, na bei haikuambii ni ipi. Maji huweza kusafishwa vijidudu, yaani vile viletavyo kuhara, homa ya matumbo na kipindupindu. Hivyo hufa kwa kuchemsha mpaka maji yatokote, kwa dawa ya klorini, au kwa taa maalumu ya miale ambayo wauzaji huiita UV. Lakini vitu vilivyoyeyuka ndani ya maji, kama chumvi na floridi, havijali moto wala taa. Ukiyachemsha sana maji hayo, mvuke huenda zake na floridi hubaki sufuriani, tena imekolea zaidi.

Na floridi si jambo la ladha. Haionjeki. Kiasi kidogo hulinda meno, ila Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya Nairobi, vya Kajiado na vya Bonde la Ufa huuvuka. Mtoto anywapo maji hayo wakati meno yake ya ukubwani yangali yakijijenga ndani ya ufizi, yaani mpaka miaka minane hivi, meno hutoka na madoa ya kahawia ambayo mswaki hauyatoi. Wengi wetu tulisoma na watoto waliocheka wakiwa wamefunika mdomo kwa mkono, tukadhani hawapigi mswaki. Kiwango kikiwa kikubwa mno kwa miaka mingi, hata mifupa huathirika.

Mtambo unaoondoa vitu hivyo hufanya kazi kwa kusukuma maji kwa pampu kupitia utando wenye vitundu vidogo ajabu. Maji matamu hupita, na chumvi hubaki upande wa pili, ikatolewa nje pamoja na maji mengine ya kutupwa. Kwa hiyo duka lenye mtambo wa namna hii halikosi bomba la maji ya kutupwa. Nilirudi kwenye lile duka la shilingi 100 nikauliza liko wapi. Kijana akanionyesha chujio la mchanga, chujio la mkaa na taa. Bomba halikuwepo.

Simwiti mwizi. Angekuwa anachukua maji ya mto yaliyotiwa dawa, kama yale ambayo Nairobi hupata kutoka bwawa la Ndakaini, vifaa vyake vingetosha. Kwa kisima cha chumvi havitoshi. Ndiyo maana swali la kwanza mtaa mgeni ni maji ya duka hili hutoka wapi.

Kwenye duka la shilingi 140 bomba lilikuwepo, linamwaga ndani ya pipa, na mwenye duka alikuwa akipigia deki maji hayo hayo. Alichovya kipimo kidogo kwenye maji ya kisima, kisha kwenye yaliyochujwa, na tarakimu ikashuka sana. Kipimo hicho huhesabu vitu vilivyoyeyuka, nacho ni kizuri kwa kazi hiyo, ila vijidudu hakivioni kabisa. Kwa hivyo niliuliza pia juu ya taa, na juu ya cheti cha Shirika la Ubora wa Bidhaa, KEBS. Cheti kina nambari ya kibali, na ukituma ujumbe wa simu kwenda 20023 ukiandika SM# na nambari hiyo, utajibiwa kama ni halali. Atakayekasirika kwa swali hilo, mwache na maji yake.

Sasa hesabu ya mfuko. Watu watano wakinywa lita mbili kila mmoja, mtungi huisha kwa siku mbili, yaani mitungi 15 kwa mwezi. Kwa shilingi 140 hiyo ni 2,100, na kwa 200 ni 3,000. Uji, chai na ugali navyo vipikwe kwa maji hayo, maana floridi huingia tumboni na chakula vilevile. Mengine yote, kuanzia vyombo hadi choo, yafanywe kwa maji ya mfereji.

Imebaki chupa yenyewe. Maji safi yakitiwa katika mtungi wenye utelezi wa kijani, umelipa bure. Mimi huuosha wangu kwa klorini kidogo kila ninapokwenda kujaza, nikausuuza, na nyumbani huuweka kivulini, kwani jua huotesha huo ukijani. Kijana wa duka hucheka akiniona nikiunusa kabla ya kumkabidhi.