Nani Kati Yetu Si Mtu?

Wanaume wamefungwa kamba kwenye kochi, bega kwa bega, na nje ni baridi ya Antaktika. Mbele yao MacReady ameshika waya wa shaba. Anaupasha moto, kisha anauchovya kwenye kisahani chenye damu ya mmoja wao. Damu ya binadamu itachemka kidogo tu. Lakini kiumbe aliyeingia kituoni, anayeweza kumwiga mtu hadi kope za macho, kila tone la damu yake ni uhai unaojitegemea, na likiguswa na moto litajitetea. Kisahani cha kwanza, kimya. Cha pili, kimya. Mtazamaji anaanza kuzoea. MacReady naye anabishana na mzee Garry huku mkono ukiendelea na kazi, na hapo ndipo damu ya Palmer inaporuka ikipiga yowe.

Tukio hilo limo katika The Thing ya John Carpenter, iliyotoka mwaka 1982 kama toleo jipya la The Thing from Another World ya 1951. Wengi wakilinganisha filamu ya kisayansi ya zamani na ile iliyotengenezwa upya, huanza na vinyago na madoido: ipi ina zimwi la kutisha zaidi, ipi ina picha safi zaidi. Ulinganisho huo hauna faida, kwa sababu filamu ya baadaye karibu kila mara itakuwa na vifaa bora. Swali linalofaa ni hili: wahusika wanatumia kipimo gani kumjua asiye mtu? Kipimo kikibadilika, hadithi yote imebadilika, hata kama jina ni lile lile.

Filamu ya 1951 ilitayarishwa na Howard Hawks na kuongozwa na Christian Nyby. Wanajeshi wa anga wa Marekani wanaitwa kwenye kituo cha utafiti karibu na Ncha ya Kaskazini, ambako chombo kisichojulikana kimezama kwenye barafu. Ili kujua umbo lake, wanajipanga juu ya barafu, kila mmoja akisimama pale kivuli kinapoishia, mikono wameinyoosha. Wanapotazamana, wanaona wameunda duara kamili. Hapo hakuna madoido ya kamera wala kinyago. Ni watu na upepo tu, na bado mwili unasisimka. Ni moja ya picha bora kabisa katika sinema ya aina hii.

Kiumbe mwenyewe, aliyeigizwa na James Arness, ni mmea wenye umbo la mtu, mrefu, mnywa damu. Tena anatoa mionzi, kwa hiyo kifaa cha Geiger kinalia kila anapokaribia. Wanaume wamesimama nyuma ya mlango, macho kwenye kifaa, milio ikizidi kuwa ya haraka. Hofu ni kubwa, lakini ina mpaka: yeye yuko kule, sisi tuko huku, na mashine inatuambia ukubwa wa nafasi iliyobaki. Ilikuwa miaka sita tu baada ya Hiroshima, na Vita Baridi vimeshika kasi. Watu walijua kwamba adui anaweza kutoka angani, na waliamini kwamba wakishikamana na kuwa macho watamshinda. Ndivyo inavyotokea. Kiumbe anauawa kwa umeme, na mwandishi wa habari anautangazia ulimwengu usiache kutazama juu.

Carpenter aliipenda sana filamu hiyo. Katika Halloween, aliyoiongoza mwaka 1978, watoto wanaitazama kwenye televisheni. Angeweza kuirudia kwa rangi na kinyago kizuri zaidi. Badala yake, yeye na mwandishi Bill Lancaster waliirudia hadithi ya John W. Campbell ya mwaka 1938, ambayo ndiyo chimbuko la filamu zote mbili. Ndani yake kiumbe huwaiga watu, na kipimo cha damu kimo. Hawks alikuwa ameliacha wazo hilo kando.

Kwa uamuzi huo mmoja, mlango uliokuwa ukiwatenga watu na adui ukatoweka. Daktari wa kituo anapendekeza kipimo cha damu ya akiba, na wakifungua wanakuta damu yote imeharibiwa. Aliyeiharibu ni mmoja wa waliosimama pale. Vinyago vya Rob Bottin, aliyekuwa kijana wa miaka ya ishirini na ushei, vinastahili sifa zote vinazopewa, lakini mzigo wa filamu umebebwa na jambo jingine. MacReady anaipima damu ya Clark, ambaye amempiga risasi muda mfupi kabla, na damu inatulia. Clark alikuwa mtu. Kipimo kimefanya kazi sawasawa, na kimemfanya shujaa wetu kuwa muuaji. Mwaka 1951 jambo kama hilo lisingewezekana, maana Geiger haimsingizii mtu.

Mfano mwingine ni Invasion of the Body Snatchers, iliyotokana na hadithi ya Jack Finney. Maganda makubwa ya mimea humnakili mtu akiwa usingizini, na nakala huamka na kumbukumbu zote lakini bila hisia. Don Siegel, mwaka 1956, aliiweka katika mji mdogo wa California ambamo kila mtu anamjua mwenzake. Kipimo ni mapenzi. Mwanamke anasema mjomba wake si mjomba wake, na hana ushahidi ila moyo wake. Daktari Miles anambusu mpenzi wake Becky, na midomo inamwambia kwamba amempoteza.

Philip Kaufman, mwaka 1978, aliihamishia San Francisco, na busu halitoshi tena. Katika jiji ambalo watu hupishana bila salamu, nani atashangaa jirani akiwa baridi? Elizabeth anapolalamika kwamba mwenzake amebadilika, daktari wa akili, aliyeigizwa na Leonard Nimoy, anaona ni matatizo ya kawaida ya mapenzi. Angalia pia habari ya mbwa. Katika filamu ya Siegel, mbwa anakaribia kugongwa na gari, Becky anapiga ukelele wa huruma, na kwa huruma hiyo anatambuliwa kuwa bado ni mtu. Katika filamu ya Kaufman, Elizabeth anamwona mbwa mwenye uso wa binadamu na anapiga kelele za kitisho. Mwishoni tunamwona Matthew, ambaye tumekuwa naye tangu mwanzo, akitembea kama watu wote. Tunaamini anajificha, mpaka anyooshe kidole na kutoa ukelele wa walionakiliwa. Hapo aliyeshindwa kipimo ni mtazamaji.

The Invasion ya 2007, toleo jingine la hadithi hiyo hiyo, iliyoigizwa na Nicole Kidman, iliharibu hofu hiyo: ikaleta tiba, waliobadilika wakarudi walivyokuwa, na kunakiliwa kukawa kama homa iliyopita.

The Thing ya 2011, inayosimulia yaliyotokea kambi ya Wanorwe kabla ya kisa cha Carpenter, inaniuma zaidi, kwa sababu ilikuwa na kipimo kizuri mkononi. Kiumbe hawezi kunakili visivyo hai, kwa hiyo mtu aliyezibwa jino kwa madini ni mtu kweli. Kate, mhusika mkuu, anapita na tochi akimulika vinywa, na wenye meno mazima, wasio na kosa lolote, wanageuka washukiwa. Halafu filamu inaliacha wazo hilo na kukimbilia mbio za ujiani na mazimwi ya kompyuta. Linarudi mwishoni tu, Kate anapomtajia mwenzake Carter hereni yake, naye anagusa sikio ambalo halikuwa na hereni. Dakika hiyo ina hofu kuliko mazimwi yote yaliyotangulia, na filamu nzima ilipaswa kujengwa juu yake.