Kukasimu, Kugatua na Imihigo: Mipaka ya Mamlaka katika Wilaya ya Rubavu

Vitenzi kukasimu na kugatua huchanganywa mara nyingi, hata katika nyaraka za serikali. Anayegatua huhamisha mamlaka kwa sheria, na anayeyapokea huyatumia kwa jina lake mwenyewe. Anayekasimu hubaki na mamlaka yake; humruhusu mwingine ayatumie kwa niaba yake, na aweza kuyarejesha. Katika hali zote mbili, hakuna awezaye kumpa mwenziwe asichokuwa nacho. Ubishi huu si wa wanasarufi peke yao, kama inavyodhihirika Rubavu, wilaya yenye mji wa Gisenyi.

Mageuzi ya mwaka 2006 yalipunguza wilaya za Rwanda kutoka 106 hadi 30, na wilaya ikawa na nafsi ya kisheria: ina baraza na bajeti, hushtaki na kushtakiwa. Imirenge 12 ya Rubavu, pamoja na utugari na imidugudu iliyo chini yake, ni ngazi za utawala tu. Tangu mwaka huohuo mameya hutia saini imihigo mbele ya Rais, na malengo hayo hushuka ngazi kwa ngazi hadi kijijini.

Tuchukue lengo la bima ya afya. Katibu mtendaji wa akagari, akibanwa na tarehe, anamchukua mbuzi wa kaya ambayo haijalipa mchango. Akiulizwa, anataja imihigo. Lakini imihigo ni ahadi ya kutenda. Humbebesha mtu wajibu bila kumwongezea mamlaka. Meya mwenyewe hakuwa na uwezo wa kutwaa mali ya raia kwa sababu hiyo; basi alikasimu nini?

Linalotatiza ni kwamba katibu huyohuyo, chini ya sheria ya mwaka 2013 kuhusu watekelezaji wa hukumu, aweza kumkamata mbuzi yuleyule kihalali, iwapo ipo hukumu yenye muhuri wa utekelezaji. Mbuzi ni mmoja, mkono ni mmoja, na mwenye kaya hana njia ya kutofautisha matendo hayo mawili isipokuwa kwa karatasi. Kwa maoni yetu, ndipo madhara yanapoanzia, kuliko katika ukali wa kiongozi fulani.

Tunapendekeza kila lengo la imihigo liandikwe pamoja na kifungu cha sheria kinachompa mtekelezaji uwezo. Pasipo na kifungu, iandikwe wazi kuwa nyenzo yake ni ushawishi pekee, na nakala ibandikwe katika ofisi ya akagari.