Wakili Hutegemea Jalada la Katibu



Chama kinapodhulumiwa na mnunuzi, neno la kwanza mkutanoni huwa: "Tutafute wakili hodari." Neno hilo ni jema. Hata hivyo, yafaa tuelewe kazi ya wakili wa mashauri ya madai, na chama kinapaswa kumpa nini.

Marehemu Nimrod Mkono, aliyefariki dunia mwaka 2023, alikuwa miongoni mwa mawakili mashuhuri wa Tanzania katika migogoro mikubwa ya biashara. Wengi walimfahamu kama mbunge, kwani mwaka 2000 alichaguliwa kuwakilisha Musoma Vijijini. Lakini jina lake lilijengwa na uwakili. Ofisi yake ilikuwa upande wa TANESCO katika mgogoro na kampuni ya IPTL, uliofikishwa mwaka 1998 mbele ya Kituo cha Kimataifa cha Usuluhishi wa Migogoro ya Uwekezaji, ICSID.

Mkataba wa umeme ulikuwa umetiwa saini mwaka 1995, kwa muda wa miaka 20. Malipo ya kila mwezi yalitegemea gharama za kujenga mtambo. Swali likawa: je, gharama zilizotajwa zilikuwa za kweli? Uamuzi wa mwaka 2001 ulizishusha kutoka dola milioni 163 hivi hadi milioni 127 hivi. Mkataba haukufutwa, hesabu ndiyo iliyosahihishwa. Huko hakukutosha ufasaha wa kusema. Ilihitajika mikataba, barua na hesabu zichambuliwe moja baada ya moja.

Ndivyo ilivyo hata kwa mgogoro wa magunia ya mbaazi hapa Babati. Chama kimoja nilichokikagua kilikuwa na mkataba halali na mnunuzi aliyebakiza deni. Lakini stakabadhi za mizani zilikuwa zimetawanyika, nyingine zimeliwa na panya. Wakili alipouliza idadi ya magunia, walijitokeza mashahidi watatu wenye hesabu tatu. Jasho la wakulima likapotea, ingawa haki ilikuwa upande wao.

Ieleweke pia kwamba si kila mgogoro huanzia mahakamani. Mgogoro wa mwanachama na chama chake kuhusu shughuli za chama hutafutiwa kwanza mapatano. Yakishindikana, hupelekwa kwa Mrajis, kwa mujibu wa Kanuni za Vyama vya Ushirika za mwaka 2015. Deni la mfanyabiashara wa nje ni jambo jingine: likishindikana kwa mazungumzo, na kama mkataba haukuweka njia nyingine ya usuluhishi, huenda mahakamani. Madai yatokanayo na mkataba yana ukomo wa miaka 6 chini ya Sheria ya mwaka 1971. Chama kinachosubiri kwa haya au kwa ahadi tupu huweza kukuta mlango umefungwa.

Kwa hiyo, kila katibu afungue jalada moja kwa kila mnunuzi. Aweke humo mkataba uliotiwa saini, stakabadhi za mizani, hati za malipo, barua zote kwa tarehe, na muhtasari wa kikao kilichoidhinisha mauzo. Ahadi ya mdomo ithibitishwe kwa barua siku hiyo hiyo.

Wakili hawezi kuandika upya stakabadhi iliyopotea. Wahenga walikwisha kutuonya: mali bila daftari hupotea bila habari.