Rangi za Kebo za Mtandao: Sifa au Alama?

Zamani kazi ya kutafsiri maelezo ya mitambo ilikuwa ya watu wachache, nayo mitambo yenyewe ilikaa viwandani na maofisini. Siku hizi mambo yamegeuka. Tangu mikongo mipya ya chini ya bahari ianze kufika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, mtandao umekuwa ukiingia mitaani na majumbani, na katika miji yetu si ajabu tena kumwona mwenye nyumba akinunua kebo, swichi na ruta kama anavyonunua taa na soketi. Pamoja na vifaa hivyo huja karatasi ya maelezo, na mara nyingi mwalimu, karani au mfasiri ndiye anayeombwa kuieleza kwa Kiswahili. Katika makala haya tutashughulikia sehemu moja tu ya maelezo hayo, yaani majina ya rangi za kebo. Ni jambo dogo kwa kulitazama, lakini likitafsiriwa vibaya humtia msomaji katika hasara ya fedha na kazi ya bure.

Mkongo, kebo, waya na jozi

Kabla ya kuingia katika rangi, hatuna budi kutenganisha istilahi nne ambazo katika mazungumzo huchanganywa. Neno mkongo limekwisha kuzoeleka kwa njia kuu ya mawasiliano, ile ipitayo chini ya bahari au ivukayo mikoa, libaki huko. Kebo ni ile kamba ya nyumbani au ofisini inayounganisha kifaa kimoja na kingine. Ndani ya kebo ya mtandao mna nyuzi nane za madini, na kila mmoja wa nyuzi hizo ndio hasa unaostahili kuitwa waya. Nyaya hizo nane zimesokotwa mbili mbili, zikafanya jozi nne. Msokoto huo si pambo. Alexander Graham Bell alipata hataza ya kusokota nyaya za simu mwaka 1881, kwa kuwa nyaya mbili zilizosokotwa pamoja hupunguza kelele za umeme zinazotoka nje.

Tena, kebo ina mavazi mawili. Plastiki ya nje, inayofunika nyaya zote, tunaiita ganda. Plastiki nyembamba inayovaa kila waya peke yake tunaiita kihami. Mfasiri akiandika tu "rangi ya kebo" bila kusema kama anakusudia ganda au kihami, msomaji hawezi kujua. Nasi tutaona kwamba rangi ya ganda na rangi ya kihami zina kazi mbalimbali kabisa.

Ama jina la mtandao wenyewe, ithaneti, lilibuniwa mwaka 1973 na Robert Metcalfe katika maabara ya Xerox huko California. Alilitoa katika neno la wanafizikia wa karne ya 19, walioamini kwamba mwanga husafiri ndani ya kitu kisichoonekana kilichojaa kila mahali. Kebo za kwanza za mtandao huo zilikuwa nene, na ganda lake kwa kawaida lilikuwa la manjano. Kanuni ya kutumia jozi zilizosokotwa kwa mwendo wa biti milioni 10 kwa sekunde ilipitishwa mwaka 1990, na tangu hapo maganda yamekuwa ya kila rangi.

Sifa na alama

Sasa tutazame mifano miwili. Tukisema shaba nyekundu, rangi inatufahamisha kitu chenyewe ni kipi: inatutenga na shaba ya manjano, ambayo ni mchanganyiko wa shaba na zinki. Ukiiondoa rangi hiyo katika jina, umeondoa maana. Lakini tukisema kebo nyekundu, rangi haitufahamishi lolote juu ya madini yaliyomo, wala juu ya mwendo wa mawasiliano. Kebo nyekundu na kebo ya kijivu zaweza kuwa zimetoka katika mtambo mmoja siku moja. Rangi ya kwanza tunaiita rangi ya sifa. Ya pili tunaiita rangi ya alama. Alama haina maana mpaka watu wapatane.

Hapa ndipo wafasiri wengi wanapoteleza. Tuchukue sentensi iliyo ya kawaida katika vijitabu vya ruta: "Unganisha ruta na kompyuta kwa kebo ya manjano." Mwandishi wa asili alikusudia ile kebo iliyowekwa kisandukuni, ambayo kiwanda kiliipa ganda la manjano ili ioane na tundu la manjano nyuma ya ruta. Msomaji ambaye kebo yake imepotea huelewa kwamba kebo ya manjano ni aina maalumu. Ataizungukia mitaa kutwa nzima, na dukani ataikataa kebo njema ya kijivu ili anunue mbovu ya manjano. Tafsiri inayofaa ni hii: "Unganisha ruta na kompyuta kwa kebo ya ithaneti, iliyomo kisandukuni ina ganda la manjano." Kwa maneno machache yaliyoongezwa, sifa imekaa mahali pake na alama mahali pake.

Sifa ya kweli ya kebo imeandikwa kwa herufi ndogo juu ya ganda. Huko ndiko mnunuzi aelekezwe. Maandishi CAT 5E huonyesha daraja linalotosha kupitisha biti bilioni 1 kwa sekunde hadi mita 100. CAT 6 huweza kufikia bilioni 10 kwa masafa mafupi, kama mita 55. Na CAT 6A huufikisha mwendo huo mita 100. Tunapendekeza neno daraja litumike hapa badala ya aina, kwa sababu linaonyesha kupanda kutoka chini kwenda juu. Herufi CCA nazo zisipuuzwe: maana yake ni aluminiamu iliyopakwa shaba nyekundu kwa juu. Kebo ya namna hiyo ni rahisi kwa bei, lakini upinzani wake kwa umeme ni mkubwa zaidi na nyaya zake hukatika upesi. Haifai kwa kamera na vifaa vingine vinavyopokea umeme kwa njia ya kebo hiyo hiyo.

Rangi nane za ndani

Tumesema kwamba rangi ya ganda ni hiari ya mtu. Rangi za vihami si hiari. Hizo nazo ni alama, lakini ni alama ambazo mafundi wa dunia nzima wamekwisha kupatana juu yake. Mpango unaotumika sana, uitwao T568B, huzipanga nyaya ndani ya plagi hivi: 1 mweupe-machungwa, 2 machungwa, 3 mweupe-kijani, 4 buluu, 5 mweupe-buluu, 6 kijani, 7 mweupe-kahawia, 8 kahawia. Plagi ikishikwa ulimi wake ukiwa chini na kebo ikielekea kwa mshikaji, hesabu huanza kushoto. Mpango wa pili, T568A, hubadilishana mahali pa jozi ya machungwa na jozi ya kijani tu. Mipango yote miwili hufanya kazi sawasawa, ilimradi ncha zote mbili za kebo zifuate mpango mmoja.

Msomaji makini atauliza kwa nini jozi ya kijani imetenganishwa, mmoja ukakaa nafasi ya 3 na mwenziwe nafasi ya 6. Sababu ni urithi wa simu: nafasi mbili za katikati zilikuwa za jozi ya simu, kwa hiyo jozi inayofuata ikawekwa kuizunguka. Fundi asiyejua hilo, akazipanga jozi kwa kufuatana, atakuta kipimo chepesi kinamwambia kwamba kila waya umefika mwisho wake. Kumbe ishara imegawanywa kati ya nyaya zisizosokotwa pamoja, na mtandao utakuwa wa kusuasua.

Basi na tuangalie yanayotokea katika tafsiri. Waya wa tatu una kihami cheupe chenye mstari wa kijani. Mfasiri akiandika "nyeupe na kijani, kisha buluu", msomaji ana haki ya kuhesabu nyaya tatu pale palipo na mbili. Orodha ya nyaya nane itakuwa ya nyaya kumi na mbili, na fundi ataitupa karatasi. Kwa hiyo tunapendekeza kwamba katika maelezo marefu iandikwe "waya mweupe wenye mstari wa kijani", na katika majedwali iandikwe "mweupe-kijani" kwa kistari. Kiunganishi "na" kisitumike kamwe ndani ya jina la waya mmoja.

Majina ya rangi katika Kiswahili

Lugha yetu ina vivumishi vitatu vya asili vya rangi vinavyochukua viambishi: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine tumezipa majina ya vitu: manjano ni bizari, kahawia imetoka katika kahawa, kijivu katika jivu, zambarau ni tunda, na kijani ni jani. Utaratibu huu ni mzuri na una mizizi, ila una tatizo moja. Vitu havifanani kila mahali. Mkulima wa Muheza anajua vyema kwamba chungwa lililoiva na kujaa maji mara nyingi bado lina ganda la kijani. Akiambiwa atafute waya wa rangi ya chungwa, kwa kufuata macho yake tu angeweza kuuvuta ule wa kijani, na huo ndio hasa waya ambao haupaswi kuchanganywa na wa machungwa. Hata hivyo hatupendekezi jina libadilishwe. Jina la rangi nalo ni alama, limekwisha kupatanwa. Kinachotakiwa ni kwamba mwalimu wa ufundi aonyeshe waya wenyewe siku ya kwanza, asitegemee chungwa la sokoni.

Tatizo la pili ni wingi wa majina. Kwa rangi moja tunasikia buluu, bluu na samawati. Kwa nyingine kahawia na hudhurungi. Kwa nyingine kijani, majani na chanikiwiti. Wingi huu ni utajiri kwa mshairi, na hatuna nia ya kuupunguza. Lakini katika karatasi ya fundi, mtu anayesoma "kahawia" mstari wa saba na "hudhurungi" mstari wa nane atadhani ni rangi mbili. Tunapendekeza katika maandishi ya nyaya yatumike haya tu: machungwa, kijani, buluu, kahawia, manjano, kijivu, zambarau, pamoja na vile vivumishi vitatu. Samawati iachwe kwa buluu iliyo hafifu kama mbingu. Neno lolote atakalochagua mfasiri katika ukurasa wa kwanza, alishike mpaka wa mwisho.

Anayeona kwamba tunalikuza jambo, akumbuke nyaya za umeme. Mwaka 2004 Uingereza ilibadili rangi za nyaya za majumbani. Waya wa moto, uliokuwa mwekundu, ukawa wa kahawia. Na waya usio na moto, uliokuwa mweusi, ukawa wa buluu. Katika mfumo wa njia tatu, mweusi uligeuka kuwa mmojawapo wa nyaya za moto. Katika nchi zetu, zilizorithi desturi ya Uingereza, nyumba za zamani bado zina mwekundu na mweusi. Hapo alama ile ile yaweza kumaanisha usalama katika ukuta mmoja na mauti katika mwingine, na kwa mazoea ya usemi buluu iliyokolea mara nyingine huitwa nyeusi. Ndiyo maana fundi hupima kwanza, ndipo aguse.

Kuchagua rangi za ganda nyumbani

Kwa mwenye nyumba, basi, ushauri wetu ni mfupi. Achague daraja na madini kwanza, rangi baadaye. Rangi zisizidi nne, kwa kuwa nyingi mno hazikumbukiki. Mfano unaofaa: buluu kwa kompyuta, manjano kwa televisheni, zambarau kwa kamera, na nyeupe kwa kebo inayotoka kwenye ruta kwenda kwenye swichi. Si sheria, ni patano la nyumba hiyo. Asitegemee tofauti ya nyekundu na kijani, kwa sababu wako watu, hasa wanaume, wasioweza kuzitenga vyema rangi hizo mbili; wala ya kahawia na nyeusi, ambazo hufanana darini penye giza. Kila ncha aifunge kipande cha karatasi chenye namba. Mwisho, aandike ufunguo wa rangi, kama ule wa ramani, na kuubandika karibu na swichi, ili fundi wa kesho asilazimike kubahatisha.

Ufunguo huo ndio istilahi za nyumba ile. Hautofautiani na kazi yetu sisi tunaotunga istilahi za taifa: kukubaliana juu ya jina, kuliandika mahali panapoonekana, na kutolibadili bila kuwaambia wenzetu. Tutafurahi kupokea maoni ya walimu na mafundi, hasa wale wa mikoani, juu ya majina ya rangi wanayoyatumia kazini.