Utangulizi: Kuusoma Mji Makaburini

Anayetaka kuijua historia ya mji wa kale wa pwani yetu kwa kawaida huanza na msikiti, kisha kasri. Kitabu hiki kinamwomba apitie makaburini kwanza. Huko ndiko wenyeji walikoacha, kwa mawe na chokaa, kauli yao kuhusu wao ni nani na mji ni wa nani.

Tazama Gede, karibu na Malindi. Katika magofu yake limo kaburi lenye maandishi ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Mwanaakiolojia James Kirkman, aliyeanza kuchimba hapo 1948, alipata humo tarehe ya uhakika ya kupimia umri wa vigae vilivyofukiwa jirani.

Si kila kaburi lina tarehe. Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, na Mambrui, kaskazini mwa Malindi, minara ya makaburi ilipambwa kwa bakuli za kaure za Kichina. Nyingi zimeng'olewa, vikabaki vishimo vya mviringo kwenye lipu. Bakuli husaidia kukadiria umri, ila kwa tahadhari: huenda ilikaa vidakani nyumbani kwa vizazi kabla ya kufika kaburini, au ilipachikwa wakati wa ukarabati.

Mahali nako kunasema. Makaburi ya fahari mara nyingi yalijengwa ubavuni mwa msikiti, wengine wakizikwa upande wa kibla, ambao kwetu ni kaskazini. Kila aliyekwenda kuswali aliyaona. Ukoo wenye mnara pale haukuhitaji kueleza sana ukongwe wake mjini.

Hata hivyo, mnara ulikuwa wa wenye uwezo. Wavuvi, wakulima na watumwa wengi walizikwa bila jengo la kudumu. Tukiwahesabu waanzilishi wa mji kwa minara pekee, tutawaacha nje waliovunja matumbawe na kuchoma chokaa yake.

Wala makaburi haya si mali ya wasomi. Takwa, kisiwani Manda, ilihamwa karne ya 17, na wenyeji wake wanasimuliwa kuwa walihamia Shela, ng'ambo ya mkondo. Watu wa Shela wamekuwa wakivuka kurudi kwenye kaburi la mnara kuomba dua ya mvua. Kwa hiyo mwanafunzi wa fani hii aanze kwa kubisha hodi kwa wazee wa mahali. Futikamba aitoe baadaye, akishakaribishwa.