Mwambao Upigwe Picha Nzima

Wengi wetu tumepata kuziona picha za zamani za bandari ya Unguja, zilizopigwa kwa upana hata zikakusanya mwambao wote wa mji kwa mtazamo mmoja. Katika zile za kabla ya tarehe 27 Agosti, 1896, mnara wa taa umesimama mbele ya Beit al-Ajaib. Katika zile zilizofuata siku hiyo, ambapo manowari za Waingereza zilipiga mizinga kwa muda usiotimia saa moja, Beit al-Hukm ni magofu, na milingoti ya meli Glasgow ya Sultani imechomoza juu ya maji. Mpiga picha huenda alitafuta biashara tu. Lakini kwa kuwa hakuchagua jengo moja akaacha mengine, leo twajua lipi lilikuwa ubavuni mwa lipi. Tangu sehemu ya Beit al-Ajaib iporomoke tarehe 25 Desemba, 2020, thamani ya picha hizo haihitaji kuelezwa.

Je, sisi tunawawekea nini wajao? Picha zinazopigwa katika fukwe zetu siku hizi ni nyingi kupita hesabu, na takriban zote ni finyu: mnazi mmoja, ngalawa moja, mgeni mmoja. Zinauza vitanda vya hoteli, nasi hatuna ugomvi na hilo. Lakini unapozuka mzozo baina ya wanakijiji na mwenye ukuta wa saruji uliosogea hadi mchangani, kila upande huapa kwamba pwani ilikuwa hivyo tangu zamani, na afisa aliyetumwa kuamua hana cha kutazama.

Picha ya mwambao mzima si kazi ya miujiza. Kamera hutulizwa juu ya miguu mitatu, ikazungushwa kidogo kidogo, kila picha ikichukua sehemu ya ile iliyotangulia, kisha zikaunganishwa. Mwakani irudishwe pale pale.

Hapa lipo jambo ambalo wageni hulisahau, nalo ni maji. Wakati wa bamvua bahari yetu hupanda na kushuka kiasi cha mita nne; kule Paje na Jambiani hukauka mpaka karibu na mwamba, na mashamba ya mwani, kilimo kilichoanza huko mwaka 1989, yakabaki wazi na vigingi vyake. Katika maji mafu tofauti huwa ndogo. Basi atakayelinganisha picha ya maji kupwa na ya maji kujaa atadhani bahari imekula pwani nzima kwa mwaka mmoja, au imeirejesha. Picha isiyoandikwa tarehe, saa na hali ya maji ni pambo la ukutani.

Tunaziomba mamlaka zinazohusika, pamoja na masheha na matawi ya Chama, kila shehia ya pwani ichague mahali pamoja, jiwe au msingi wa nyumba ya kale, papigwe picha mara moja kila mwaka, na nakala ipelekwe Nyaraka, Kilimani. Kamera zimo mifukoni mwa vijana wetu. Mahali wazee watapaonesha, na siku ya bamvua waulizwe wavuvi, wanaohesabu tangu mwezi mwandamo.